Nyasi za mabwana, ardhi ya volkano

Julai 2022, mashindano ya Wimbledon yakiwa ukingoni, wasichana wanne waliingia kwenye nyasi za London kucheza fainali ya vijana ya wawili wawili. Upande mmoja alikuwapo Angella Okutoyi wa Nairobi, mwenye miaka 18, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwapo wachezaji wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa bado hajatimiza miaka 16, na Mkongo aliyelisikia jina lake hakuhitaji kuuliza asili yake. Wazazi wake waliihama nchi yetu, Kongo, mwaka 1999, vita vikiwa vimeigawa vipande vipande.

Cross na Mboko walichukua seti ya kwanza 6-3. Okutoyi na Nijkamp wakajibu kwa 6-4. Ikabaki ile seti fupi ya kuamua, ambayo mshindi hufikisha pointi 10 kwa tofauti ya mbili. Wakafungana 9-9, kila upande umebakiza pumzi ya mwisho, kabla ya Okutoyi na mwenzake kumaliza kazi kwa 11-9. Mkenya huyo akawa wa kwanza wa nchi yake kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa ya Grand Slam. Siku hizohizo, kwenye uwanja mkuu, Ons Jabeur wa Tunisia alikuwa akicheza fainali ya wanawake dhidi ya Elena Rybakina wa Kazakhstan.

Sisi tunaoishi Goma tuna sababu ya kuisoma fainali ile kwa macho mawili. Jicho la kwanza linaona mchezo mzuri wa mabinti wanne. La pili linaona kwamba miaka 100 iliyopita binti wa Nairobi asingepita hata lango la klabu ya Wimbledon akiwa na raketi mkononi, na binti wa Kikongo hali kadhalika. Historia ya ubingwa wa taifa kwenye viwanja vya nyasi imeandikwa mara nyingi kwa majina ya waliobeba vikombe. Leo nataka kuisimulia nikianzia kwa waliosimama nje ya uzio. Kongo ilikuwa miongoni mwao, na mzigo iliobeba haukuwa mdogo.

Taifa la watu 17

Tenisi ya nyasi ni mchezo wa karne ya 19. Klabu ya All England ilifanya mashindano yake ya kwanza mwaka 1877, katika viwanja vya Worple Road, Wimbledon. Wanaume 22 walijiandikisha, na bingwa akawa Spencer Gore. Wanawake waliruhusiwa kushindana mwaka 1884, na Maud Watson akashinda. Mwaka 1881 Marekani ilianzisha ubingwa wake wa taifa kwenye nyasi za Newport, Rhode Island, mji wa mapumziko wa matajiri. Mwaka huohuo Kanada ikaanzisha wake katika klabu ya tenisi ya Toronto. Australia na New Zealand ziliungana kwa jina la Australasia na kufuata mwaka 1905, mjini Melbourne.

Mashindano hayo yote yalijiita ya taifa. Tuliangalie basi taifa lenyewe. Mwaka 1905 Melbourne ilipokea wachezaji 17, na Rodney Heath akawa bingwa. Mwaka uliofuata mashindano yalivuka bahari hadi Christchurch, New Zealand, wakajitokeza wachezaji 10 tu. Aliyeshinda alikuwa Anthony Wilding, kijana wa hapohapo. Mwaka 1912 yalipelekwa Hastings, mji mdogo wa New Zealand. Safari ya meli kutoka Australia ilikuwa ndefu na ya gharama, na fainali ikachezwa na wageni wawili waliokuwa wamekuja na timu ya Uingereza kwa Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa: James Cecil Parke wa Ireland na Alfred Beamish. Parke akashinda kwa seti tano. Bingwa wa Australasia mwaka ule alikuwa mtu aliyekuwa safarini.

Simdharau Parke, alikuwa mchezaji hodari. Ninachosema ni kwamba ubingwa ulipatikana kati ya wale waliokuwa na muda, nauli na rafiki ndani ya klabu. Hata kanuni ziliwabeba waliotangulia. Wimbledon hadi mwaka 1921 bingwa mtetezi hakucheza mzunguko hata mmoja. Alingoja amjue aliyewashinda wote, kisha akapambana naye mchezo mmoja tu. Tena aliyecheza kwa malipo hakuruhusiwa kabisa mpaka mwaka 1968. Kanuni hiyo ilisifiwa kwamba inalinda usafi wa mchezo, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kuwazuia watoto wa mafundi na vibarua, ambao wasingeweza kutumia miezi viwanjani bila ujira.

Nyasi zenyewe zilikuwa lango jingine. Uwanja wa nyasi unataka udongo mzito ulioshindiliwa, maji ya kutosha, mashine ya kukatia, rola ya kusawazisha na watu wa kuutunza kila siku. Leo Wimbledon hukata nyasi zake zibaki na kimo cha milimita 8, na hupanda aina moja tu ya nyasi, inayostahimili kukanyagwa. Asiye na bustani na watumishi hakuwa na mahali pa kujifunzia. Aliyekuwa navyo alijifunza nyumbani, akiwa mtoto, bila kutambua kwamba amepewa kitu ambacho wengine hawana.

Mwezi Machi 1913 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Paris vikaunda shirikisho la tenisi la dunia. Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo tangu 1908, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kutoka Afrika ilikuwapo nchi moja tu, Afrika Kusini, na waliokaa mezani kwa niaba yake ni walowezi. Shirikisho hilo likaipa Wimbledon hadhi ya ubingwa wa dunia wa viwanja vya nyasi. Ndivyo dunia ilivyohesabiwa mwaka ule.

Utomvu wa misitu yetu

Hata hivyo, Kongo ilikuwa imeshafika kwenye mchezo wenyewe, kwa njia ya mateso.

Tenisi ya zamani, ile ya ndani ya kuta za majumba ya wafalme, ilitumia mipira iliyoshindiliwa pamba, manyoya au nywele. Mpira wa namna hiyo ukiangushwa kwenye nyasi hulala palepale. Kilichouwezesha mchezo kutoka nje ni ufundi wa kupika utomvu wa mpira kwa salfa, ambao Charles Goodyear aliusajili Marekani mwaka 1844. Utomvu uliopikwa hivyo haulainiki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, nao hudunda vizuri hata kwenye majani. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield alisajili London mchezo wake wa bustani. Aliuza sanduku lenye wavu, raketi na mipira ya utomvu, na nyasi za matajiri zikapata kazi mpya.

Kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo, na njaa ya utomvu ikaikumba Ulaya nzima. Wakati huo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Katika misitu ya Équateur na ya bonde lote la katikati, vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao warudi na vikapu vilivyojaa. Kijiji kilichopungukiwa kilichomwa, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Ripoti ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, iliyaweka mambo hayo mbele ya dunia, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji.

Sehemu kubwa ya utomvu ule ilikwenda kwenye matairi, na tenisi ilihitaji kiasi kidogo. Lakini miaka ile ambayo magazeti ya Ulaya yalisifu ulaini wa mchezo wa bustani na adabu ya wachezaji waliovaa nyeupe, bidhaa iliyoufanya mpira udunde ilikuwa ikikamuliwa kwetu kwa bunduki na kiboko. Mwaka uleule wa 1904 Ubelgiji ilifika fainali ya Kombe la Davis dhidi ya Uingereza, kwenye nyasi za Worple Road. Paul de Borman na William le Maire de Warzée walifungwa michezo yote mitano. Nchi ndogo ya Ulaya ilikuwa na watu wa kuipeleka fainali, na nchi kubwa iliyokuwa chini ya mfalme wao haikuhesabiwa kuwa na watu wa kucheza.

1914, viwanjani na ziwani

Goma yenyewe ilizaliwa kutokana na mpaka. Wabelgiji waliweka kituo hapa wakitazamana na kituo cha Wajerumani cha Kisenyi (Gisenyi ya leo), na makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yakachora mstari ambao tunauvuka mpaka leo kwa miguu kwenda Gisenyi. Miaka minne baadaye mstari huo ukawaka moto.

Mwishoni mwa Julai 1914, huko Pittsburgh, Marekani, Wajerumani wawili, Otto Froitzheim na Oskar Kreuzer, walikuwa wakicheza Kombe la Davis dhidi ya Norman Brookes na Anthony Wilding wa Australasia. Walipomaliza, Ulaya ilikuwa imeingia vitani. Wajerumani hao walipanda meli kurudi kwao, Waingereza wakawakamata njiani na kuwapeleka Gibraltar kama mateka wa vita. Wilding, bingwa wa Wimbledon mara nne mfululizo kuanzia 1910 hadi 1913, alivaa sare ya kijeshi. Tarehe 9 Mei 1915 aliuawa Ufaransa, karibu na Neuve-Chapelle, akiwa na miaka 31.

Vita hivyohivyo viliingia Ziwa Kivu. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na mwambao wa hapa kaskazini ukawa uwanja wa mapigano. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lile la Force Publique, lilivuka kutoka Kivu, likaingia Rwanda, na Septemba 19 likaingia Tabora. Nyuma ya askari walitembea wapagazi kwa makumi ya maelfu, wenye mizigo vichwani, na wengi hawakurudi. Wilding ana wasifu, picha na tarehe ya kifo. Wapagazi wa Kivu hawana hata orodha. Nawataja pamoja kwa sababu walikufa katika vita vilevile, na kwa sababu kumbukumbu nayo ina uzio kama uwanja.

Waliofungiwa nje walianzisha wao

Nchini Marekani waliofungiwa hawakukaa kungoja. Mwaka 1916 Wamarekani weusi waliunda chama chao cha tenisi, American Tennis Association, kwa kuwa vilabu na chama kikuu cha nchi havikuwapokea. Agosti 1917 walifanya ubingwa wao wa taifa katika bustani ya umma ya Druid Hill, Baltimore. Kwa wanaume alishinda Tally Holmes. Kwa wanawake alishinda mwalimu aliyeitwa Lucy Diggs Slowe, na kwa ushindi huo akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kutwaa ubingwa wa taifa katika mchezo wowote.

Kati ya mashindano yote ya taifa ya mwanzo wa karne ile, haya ndiyo ninayoyaheshimu kuliko yote. Yalifanyika mahali pa wazi, palipojengwa kwa kodi za wananchi. Waandaaji walikuwa madaktari, walimu na wachungaji waliokuwa na kazi nyingine za kutwa. Nao waliendelea mwaka baada ya mwaka, wakati lango la upande wa pili likibaki limefungwa. Mwaka 1929 vijana wawili weusi walijiandikisha katika mashindano ya taifa ya vijana, nao wakazuiwa kwa rangi yao.

Lango lilifunguka mwaka 1950. Althea Gibson, aliyelelewa Harlem na kukuzwa na chama hicho cha weusi, alikubaliwa kucheza ubingwa wa taifa kwenye nyasi za Forest Hills, New York, baada ya bingwa wa zamani Alice Marble kuandika barua ya wazi iliyowaaibisha wakuu wa mchezo. Mwaka 1957 Gibson alishinda Wimbledon na ubingwa wa Marekani, na mwaka 1958 akarudia yote mawili. Arthur Ashe alimfuata kwa taji la Marekani mwaka 1968 na la Wimbledon mwaka 1975. Katika ziara yake ya Afrika mwaka 1971, Ashe alimwona mjini Yaoundé mtoto wa miaka 11 mwenye raketi, akasaidia apelekwe kufunzwa Ufaransa. Mtoto huyo ni Yannick Noah, bingwa wa mashindano ya Ufaransa, Roland Garros, mwaka 1983.

Mnyororo huo hauna muujiza ndani yake. Kila pete ilifungwa na mtu aliyeamua kumfungulia mwingine. Bila bustani ya Baltimore hakuna Gibson, na bila Ashe kusimama Yaoundé, Noah angebaki hodari wa mtaani kwao.

Mabinti wawili, njia mbili

Okutoyi alizaliwa Nairobi mwaka 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao alifariki katika uzazi ule, na mapacha wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi katika shule moja ya eneo la Loresho. Ukaribu wa shule ile ndio uliompa raketi akiwa bado mdogo sana. Kutoka hapo programu za shirikisho la dunia zilimsaidia kusafiri na kushindana. Januari 2022, nchini Australia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika Grand Slam ya vijana. Ikafuata ile Julai ya Wimbledon. Baadaye alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 aliipatia Kenya medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, mjini Accra.

Mboko alizaliwa Charlotte, Marekani, mwaka 2006, akakulia Ontario, Kanada. Ni kitinda mimba, na aliushika mchezo akiwafuata kaka na dada zake. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya wachezaji 300 bora wa dunia. Kufikia Agosti alikuwa wa 85, akaingia mashindano ya Kanada mjini Montreal kwa mwaliko maalumu. Aliwatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na, katika nusu fainali, Elena Rybakina, yuleyule aliyekuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 2022. Dhidi ya Rybakina alipoteza seti ya kwanza 6-1, akaokoa pointi ambayo ingemtoa mashindanoni, akashinda. Katika fainali alikutana na Naomi Osaka. Alipoteza seti ya kwanza 6-2, kisha akachukua mbili zilizofuata 6-4 na 6-1. Katika mashindano hayo mamoja aliwashinda wanawake wanne waliowahi kutwaa Grand Slam, naye alikuwa na miaka 18.

Haya ni mashindano yaleyale yaliyoanza Toronto mwaka 1881. Mwanzoni mwa karne ya 20 malkia wake alikuwa Lois Moyes Bickle, aliyetwaa taji la mchezaji mmoja mmoja mara 10 kati ya 1906 na 1924. Kwa hiyo nyasi za Toronto zinahusika na hadithi hii: ubingwa wa taifa ulioanzia katika klabu ya watu wachache ulibebwa mwaka 2025 na binti wa wazazi waliotoka Kongo. Ulipitia mikono mingi hadi kumfikia, na haukupungua thamani hata kidogo. Umeongezeka, kwa sababu sasa anayeubeba amewashinda wengi zaidi.

Furaha hiyo ni yetu pia, lakini isitupumbaze. Kanada ndiyo iliyompa viwanja, makocha na mwaliko. Okutoyi naye alisaidiwa na shule iliyokuwa na uwanja karibu na mlango wa bibi yake. Wote wawili walikutana na raketi wakiwa wadogo, mahali ambapo mtoto hakuulizwa kwanza baba yake ni nani. Sisi tumeipa dunia jina la Mboko. Uwanja hatukumpa.

Na Goma?

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Januari 17, 2002, tope la moto lilishuka, likaupasua mji katikati, likafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Mei 22, 2021, likashuka tena, likasimama viungani. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa kundi la wapiganaji la AFC/M23, na katika miezi iliyofuata uwanja wa ndege na benki zilifungwa, familia zikahesabu faranga ya mwisho. Wapo watakaosema huu si wakati wa kuzungumzia raketi. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mtoto wa miaka minane hawezi kuahirisha utoto wake mpaka vita viishe. Lucy Diggs Slowe na wenzake walianza katika mwaka ambao nchi yao ilikuwa vitani na sheria zilikuwa dhidi yao.

Viwanja vichache vya tenisi vilivyopo hapa viko katika vilabu na hoteli za kando ya ziwa. Huu nao ni urithi. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, mtaa wa Wazungu ulikuwa na klabu yake, na Mkongo aliingia humo kama mtumishi au mwokota mipira. Nairobi na Zanzibar chini ya Waingereza hazikuwa tofauti. Wengi wa Waafrika wa kwanza kuujua mchezo huu waliujifunza wakiokota mipira ya wengine, jioni wakibaki na raketi mbovu na ukuta. Bendera zilibadilika, lakini ramani ya viwanja haikubadilika sana. Mtoto wa Majengo, Mabanga au Ndosho anacheza kandanda juu ya mawe ya lava, na uwanja wa tenisi anauona akipita kwenye pikipiki, kupitia nafasi ya geti.

Hatuhitaji nyasi. Dunia yenyewe imeshaziacha: Marekani iliondoa ubingwa wake kwenye nyasi baada ya 1974, Australia baada ya 1987, na kati ya mashindano manne makubwa imebaki Wimbledon peke yake. Afrika Mashariki baadhi ya viwanja vilitengenezwa kwa udongo wa kichuguu, ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Kigali, tunayoifikia kwa saa chache za barabara, ilipokea mwaka 2024 mashindano ya kulipwa ya wanaume ya ngazi ya Challenger kwenye viwanja vya udongo. Bujumbura imemlea Sada Nahimana, aliyefika hadi kwenye Grand Slam za vijana. Majirani zetu wa pande zote mbili wameshaonyesha kwamba inawezekana katika hali ya hewa yetu na kwa ardhi yetu.

Gharama inaweza kuanza chini kabisa. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mchezaji mmoja mmoja. Lakini mtoto wa chini ya miaka 8 hauhitaji wote. Shirikisho la dunia limeweka uwanja wa wadogo wa mita 11 hivi kwa 5 na nusu, wenye mpira mwekundu, mwepesi, unaokwenda taratibu. Ua wa shule ya kawaida ya hapa unaweza kuchorwa viwanja kadhaa vya namna hiyo kwa chokaa, na wavu ukawa kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili. Kwa wakubwa kuna jambo jingine la kuzingatia: Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na hewa nyepesi huufanya mpira wa kawaida upae na kukimbia. Kanuni za mchezo zinatambua mpira maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Kocha anayewafundisha watoto wetu kwa mpira usiofaa atawaona wakipiga nje kila mara, na atadhani kosa ni la mikono yao.

Nina maombi matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Vilabu vya kando ya ziwa vitenge asubuhi moja ya kila wiki kwa watoto wa mitaa ya mbali na ziwa, bila ada, na raketi za kuazima ziwepo langoni. Shule na parokia zenye ukuta mpana na ua uliosakafiwa zichore mstari wa wavu ukutani, kwa sababu ukuta ni mwalimu asiyechoka na hauombi mshahara. Na sisi wenye jamaa Kanada, Ubelgiji, Kenya au Rwanda, tunaozoea kuagizia simu na viatu, tuagizie safari hii mipira ya watoto na raketi zilizotumika.

Melbourne ilimpata bingwa wa 1905 kati ya watu 17, na Christchurch ikampata wa 1906 kati ya 10, ilhali mamilioni walikuwa nje ya uzio. Hatutajua kamwe ni mabingwa wangapi walipotea katika umati ule. Kosa hilo tunaweza kuepuka kulirudia hapa. Kabla ya kuuliza ni nani Goma mwenye kipaji, tuulize ni watoto wangapi wa Goma wamewahi kushika raketi, na mwaka ujao tuhakikishe idadi hiyo imepanda.